Alhamisi Kumi na Moja

Duka la kinyozi, chumba cha nyuma
Jumatatu, tarehe 9

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu na za Kijino, binti yetu. Natumaini u mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za kazini. Mama naye hajambo? Nimesikia anakataa kuvaa miwani. Mwambie mkwe wake amecheka sana. Sisi huku afya tunayo. Kijino amerefuka, viatu vya shule vimeshambana, na siku hizi anakaanga mayai bila kuyaunguza, jambo ambalo mimi bado linanishinda.

Shemeji, siku ya msiba ulinipigia simu ukaniuliza swali moja tu, kama mdogo wako alitibiwa mpaka mwisho. Nikakuapia kwamba alipata kila kitu. Kumbe niliapia jambo nisilolijua. Mwezi ujao unakuja kuzuru kaburi lake, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, wala sitaki nikupokee mizigo yako huku nimelificha. Ukishalijua, itakuwa juu yako kufikia kwangu au kwingine.

Nianze na ile kadi ya mkopo. Benki walinipa enzi za viti vinne, wateja wakisubiri mpaka barazani. Figo za mdogo wako zilipogoma, daktari alisema damu isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na kila safari ilipiwe kabla hajakaa kitini. Akiba yetu iliisha miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo tukawa tunalipa kwa kadi. Jumatatu duka linafungwa, kwa hiyo nilikwenda naye mwenyewe. Alhamisi ni siku ya kazi, nikawa nampa kadi anakwenda peke yake.

Hapo nilimdanganya. Nilimwambia kadi inalipwa na chama cha vinyozi. Tena nilidanganya kwa mbwembwe, nikamtajia mpaka mwenyekiti na tumbo lake, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Barua za benki nilizificha dukani chini ya rundo la taulo. Nilikuwa nimeshamkataza kufua taulo za duka kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo nikajiona mjanja.

Alipofariki maji yalikuwa yamenifika shingoni. Wadai walipiga simu mpaka wateja wakawa wananiambia nipokee. Nikauza viti viwili. Karani mmoja wa mahakama, ambaye hunyolewa kwangu kila baada ya wiki mbili, akanipa akili huku wembe wangu uko kooni mwake: "Usiwakimbie, kaka. Nenda na karatasi zako, waeleze hali yako ilivyo, uwape pesa ya mkupuo mmoja. Ila usitoe hata senti kabla hawajaandika kwamba hiyo inamaliza deni."

Nikaenda na cheti cha kifo, daftari la duka na mkataba wa pango. Ofisi ya madeni iko ghorofa ya pili, meza ndogondogo zimetenganishwa kwa mbao, na kila meza ina boksi la tishu. Dada wa madeni alinipokea kwa adabu. Mimi nilianzia robo, yeye akasema sabini kwa mia. Tukavutana kama watu wa sokoni, akaingia kwa bosi wake mara mbili, tukatua kwenye arobaini, yote ilipwe mara moja kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndipo akanisomea jumla ya deni, nami nikabisha. Shemeji, nadhani mimi ni mdaiwa wa kwanza kuingia mle akalalamika kwamba deni lake ni dogo. Lakini unanijua, mimi naandika kila kitu. Nilikuwa na daftari langu, kila Jumatatu na kila Alhamisi nimeitia alama, na jumla ya benki haikufika yangu. Nikamwambia, "Dada, malipo yangu mengine mmeyasahau, halafu kesho mtanigeukia." Akacheka, akanichapishia taarifa ya miezi yote.

Tukaipitia kwa kalamu. Jumatatu zote zilikuwepo. Alhamisi za mwanzo zilikuwepo. Kisha Alhamisi moja haipo, na ya pili yake, na zote zilizofuata mpaka wiki aliyofariki. Kumi na moja. Yule dada aliacha kucheka kabla mimi sijaelewa. Mimi bado nilikuwa nasema kompyuta yao ina kasoro.

Nilitoka pale nikaenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, rafiki wa mdogo wako, ambako marehemu alikuwa akiniambia hupumzika akitoka hospitali. Sikumaliza swali, fundi akaangua kilio. Mdogo wako alipita dukani siku moja mimi sipo, akachukua taulo akafue kwa siri, maana hakuwahi kukubali kukatazwa, akazikuta barua. Tangu hapo kila Alhamisi alishinda kwa fundi, amelala mkekani kati ya vitambaa, kadi iko mfukoni. Alimwapisha fundi asiseme. Alimwambia, "Huyu ananificha deni, mimi namficha Alhamisi. Tumetoka sare."

Jioni alirudi nyumbani na plasta mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiibandua, taratibu, nikimpa pole ya sindano. Alama zilikuwa nyingi, nisingeweza kujua ipi ni ya lini. Alikuwa akinishukuru, Shemeji. Hilo linaniuma kuliko yote.

Deni nimelilipa Ijumaa iliyopita, na barua ya kusema halipo tena ninayo. Karani wangu alinipa mkono wa hongera nikashindwa kumtazama. Najua ni kwa nini lilikuwa dogo.

Sijui kama alikuambia. Mlizungumza sana kwa simu, huenda ulijua kabla yangu. Kama ulijua, sikulaumu, nieleze tu alisema nini. Kama hukujua, basi ujue na hili: nisingemdanganya, tungekaa tukapanga pamoja, tungewaendea benki wakati bado yuko hai, na pengine asingekosa hata siku moja. Benki walinipunguzia kwa sababu niliwapelekea karatasi. Kwako sina karatasi ya kuleta, na sikuombi unipunguzie. Nidai yote.

Nisalimie mumeo, mwanyumba wangu dereva, na watoto. Mama msalimie pia, lakini barua hii usimsomee mpaka uamue mwenyewe. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe na moyo wa kuyapokea haya.

Kijino anauliza kama akutandikie kitanda chake. Nimemwambia tusubiri jibu lako.

Wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Kinyozi, mume wa mdogo wako