Nukta Iliyokuwa Juu Kushoto

Jumanne, 6 Agosti

Hili sijamwambia mtu yeyote. Wewe nakuambia kwa sababu ni karatasi na huna mdomo, usijione mteule. Zile chembe 214 za vumbi nilizoandika kwenye daftari la Shangazi — sikuzihesabu. Nimezitunga. Kwa nini 214? Kwa sababu 200 ingeonekana uongo.

Nianze vizuri. Shangazi, dada yake Baba, kazi yake ni kurekebisha picha kuukuu. Niko kwake likizo nzima. Mama alisema nije huku “nikachangamke”. Basi nachangamka: chumba chenye mapazia meusi, skana kubwa kama jeneza, kompyuta mbili, na mwanamke anayeyasemesha mavumbi. Mimi niliyesomeshwa lugha mbili ili niweze kunyamaza kwa zote mbili, nimefika nyumbani.

Kazi yenyewe ni kitabu cha picha za zamani za safari za mwezini. Kitabu kikubwa! Ukikifungua kinafunika meza nzima. Ndiyo maana tunakula jikoni tumesimama kama farasi — meza imekaliwa na mwezi.

Filamu zimezeeka. Vumbi, mikwaruzo, alama za vidole vya watu ambao pengine ni marehemu. Mashine ingezisafisha zote kwa siku moja. Lakini Shangazi alimwapia Mhariri wa kitabu kwamba kwake hakuna cha mashine, ni jicho na mkono. Ana sheria: kabla ya kufuta kidoa chochote angani, fungua fremu ya jirani, ile iliyopigwa sekunde chache baadaye. Vumbi hukaa kwenye fremu moja tu. Ukikiona kitu hapa na kule, basi kipo, kiache. Ukimaliza unaandika daftarini: picha namba fulani, chembe kadhaa. Ameisema mara nyingi mpaka naisikia nikipiga mswaki.

Leo ilikuwa zamu ya picha ya 88. Imepigwa kupitia dirisha la chombo kidogo kilichokuwa kikipaa kutoka mwezini. Chini mwezi, juu anga jeusi tii, limejaa vumbi kama ukuta wa kinu. Nikafuta chembe thelathini kwa mkono, kwa sheria, mtoto mwema. Shingo ikakakamaa. Shangazi akatoka kununua mkate. Nikalizungushia anga lote mstari, nikabonyeza kile kitufe cha mashine. Sekunde tatu! Fremu ya 89 sikuifungua. Kisha 214, kwa mwandiko mzuri.

Nani atajua? Vumbi litaenda kushtaki?

Jumatano, 7 Agosti

Mhariri kaja. Manukato yake yalifika kwanza, yeye akafuata. Akaziangalia picha kwenye kioo cha kompyuta, mmh, mmh, mmh, mpaka 88. Akasimama.

“Dada, huu weusi! Mahameli haya! Nani kafanya hii?”

Shangazi akanionyesha kwa kidevu. “Huyo. Kobe wangu.”

Kobe ndiye mimi. Kwa sababu mgeni akiingia navuta kichwa ndani.

Mhariri akanipa mkono. Mkono mzima! Akasema hapo ndipo tofauti inapoonekana, mashine haiwezi hata ikikesha. (Inaweza. Wala haikeshi.) Picha ya 88 itapewa kurasa mbili, katikati ya kitabu. Shangazi alitabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana, na jioni akanikatia kipande kikubwa cha keki kuliko chake.

Kusifiwa kwa ulichofanya ni aibu. Kusifiwa kwa usichofanya — nakiri, si kubaya hivyo. Keki nilimaliza.

Ijumaa, 9 Agosti

Prufu, zile kurasa za majaribio, zimekuja kutoka kiwanda cha uchapaji. Makaratasi mapana kama shuka. Shangazi aliniambia nisome maelezo ya chini ya picha, nitafute makosa ya herufi. Maelezo yote ameandika Mwalimu, mzee mmoja aliyefundisha sayansi hadi akastaafu. Maelezo mia na ishirini, miaka miwili, kwa kalamu. Mhariri anamlipia mpiga chapa.

Nikafika 88. Ameandika: “Juu kushoto, nukta ndogo nyeupe. Ni chombo kikubwa, kinawasubiri wanaotoka mwezini wapande. Ndani yumo mtu mmoja.”

Nikatazama juu kushoto.

Mahameli.

Nikafungua skani ya mwanzo, ile isiyoguswa. Nukta ipo. Nikafungua 89 — ile ile ambayo sheria ilinitaka niifungue Jumanne. Nukta ipo, imesogea kidogo kulia. Imesogea! Vumbi gani linajiendesha?

Sikufuta vumbi. Nimemfuta mtu. Mtu mzima na kazi yake, pengine na mke na madeni, nimempitia kwa sekunde tatu Shangazi akiwa foleni ya mkate.

Nilienda chooni nikakaa. Si kwa haja.

Jumamosi, 10 Agosti

Shangazi kayasoma maelezo ya 88 mwenyewe. Nilidhani atasema, “Kobe, njoo hapa.” Nilikuwa tayari, hata kandambili nilishavaa. Lakini Shangazi ananiamini, ndiyo balaa lenyewe. Akachukua simu, akampigia Mhariri, sauti wazi, huku akimenya viazi.

Akasema hakuna nukta pale, Mwalimu kachanganya na picha nyingine. Mhariri akauliza ana hakika? Hapo Shangazi akafuta mikono, akalifungua daftari, akasoma kama anasoma hukumu: “Picha ya themanini na nane, chembe mia mbili na kumi na nne. Kila moja imelinganishwa na fremu ya jirani. Mimi sifuti kitu, kaka. Mimi nafuta vumbi.”

Namba yangu. Kwa sauti yake. Ilisikika kweli tupu.

Mhariri akashusha pumzi. Akasema basi, masikini, mzee kachoka, macho yale, na akili nayo inaaga polepole. Na kama kakosea hii, nani ajuaye nyingine mia na kumi na tisa? Afadhali amtafute kijana mmoja aandike upya zote. Jina la Mwalimu watalitaja kwenye shukrani. Kwa herufi ndogo, alisema, lakini litakuwepo. Karimu kweli!

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

“Nini, Kobe?”

“Chai inachemka,” nikasema.

Hakukuwa na chai. Ilibidi niende kuibandika.

Jumapili, 11 Agosti

Hakuna. Nimefua soksi zote. Hata safi.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwalimu kaja mwenyewe. Hakuna aliyemwita; habari atakuwa kazipata kwa Mhariri. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, lenzi ya kukuzia kwenye mfuko wa kifua. Nilimwamkia, lakini shikamoo yangu ilianguka njiani. Akaiokota hivyo hivyo: “Marahaba, mwanangu, nimesikia.”

Shangazi alimtandikia prufu mezani, kwa heshima zote. “Mwalimu, tazama mwenyewe. Sisi tumeikagua.”

Akainama. Lenzi juu kushoto. Akaenda kulia. Akarudi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akainama tena.

“Nilikuwa nayo ukutani darasani,” akasema. “Miaka ishirini na saba. Wanafunzi wabishi wakisema, Mwalimu, hicho ni kinyesi cha nzi. Nawaambia, wapi! Huyo ni dereva. Wenzake wameshuka wanatembea, yeye kabaki na gari. Asipobaki, hakuna wa kuwarudisha.” Akacheka kidogo. “Darasa zima wanagombania kumwona dereva.”

Shangazi akasema taratibu kwamba picha za ukutani huchafuka, Mwalimu. Labda kweli alikuwa nzi.

Mzee akasema — na hapa sitanii — “Labda, mama. Miaka ishirini na saba nimefundisha nzi.”

Akairudisha lenzi mfukoni, mara mbili akalikosa tundu la mfuko. Mlangoni akaniuliza mimi, si Shangazi: “Wewe una macho mapya. Hukuona kitu?”

Mimi, msomi wa lugha mbili, nikatikisa kichwa.

Nikatikisa kichwa!

Jumanne, 13 Agosti

Nimemrudisha. Shangazi alipokuwa anaoga, nikaichukua nukta kwenye skani ya mwanzo, nikaiweka mahali pake kwenye faili ya 88. Ina pikseli kumi na mbili. Nilizihesabu kweli safari hii, moja moja, kwa kidole. Kumi na mbili tu, na zimenitoa jasho kuliko mtihani wa hesabu.

Nikajiona shujaa kwa kama dakika nne.

Kwa sababu hebu tazama: faili iliyoko kiwandani ni ile ya mahameli. Nikiituma hii kimyakimya, Mhariri ataona nukta imezuka yenyewe, kama uyoga. Atamwuliza nani? Shangazi. Yule aliyeapa haipo. Na kumbe leo ameongeza na barua! Mhariri anataka maandishi, asije Mwalimu akalalamika mbele ya watu. Shangazi kaandika kwa mkono wake: picha imekaguliwa, nukta haikuwahi kuwepo, nathibitisha, sahihi. Dereva wa Mhariri ataipitia Alhamisi saa kumi. Ikifika tu, maelezo ya Mwalimu yanatolewa, na mashine za kiwandani zinaanza kuchapa.

Alinisomea rasimu, akaniuliza kama Kiswahili kimekaa sawa.

Nikasema kimekaa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimejaribu mara tatu.

Ya kwanza, asubuhi: nikasema, “Shangazi.” Akasema, “Abee.” Nikasema, “Hakuna.”

Ya pili: nikaandika ujumbe kwenye simu, kutoka chumbani kwangu hadi chumba cha pili, hatua tisa. Nikaufuta. Kufuta ndiyo fani yangu.

Ya tatu, jikoni, tumesimama na sahani zetu. Nilianza kabisa: “Shangazi, ile ya themanini na nane…” Akanikatiza, macho yanang’aa. Akasema nisijisifu bado, lakini amemwomba Mhariri aniandike ukurasa wa mbele, jina langu zima, chini ya lake. “Watu wataona. Baba yako ataona. Huyu mnayesema hana sauti, kazi yake ndiyo inasema.”

Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mche wake umetoa jani. Nikala wali. Sikuonja hata punje.

Alhamisi, 15 Agosti

Saa tisa na nusu alasiri. Barua iko mezani, kwenye bahasha, imefungwa. Mhariri kapiga simu kusema kijana wa kuandika upya amepatikana. Mwepesi sana. Maelezo mia na ishirini kwa siku kumi! Hajawahi kuziona picha, lakini hilo dogo.

Shangazi yuko chumba cha kazi, anahifadhi nakala ya faili zote kabla dereva hajafika. Mimi nimejifungia huku.

Nimeamua hivi: mdomo wangu haufai, ushathibitisha. Mkono unafaa. Nitaandika hapa, kwa herufi za kusomeka, halafu nitampa. Si ujumbe, si barua. Ukurasa huu huu. Haya.

Shangazi. Nukta ilikuwepo. Fungua 89 utaiona, imesogea kulia. Nilibonyeza kitufe cha mashine ulipoenda kununua mkate. 214 ni uongo wangu. Mwalimu macho yake hayana kasoro. Usiitume barua. Jina langu litoe. Lako li

Ananiita. “Kobe!”

Naendelea kuandika.

“Kobe, hii themanini na nane imehifadhiwa tena Jumanne ya juzi, saa moja asubuhi. Nani kaifungua Jumanne?”

Kompyuta! Inaandika saa. Kumbe na yenyewe ina shajara yake, tena haitungi.

Nasikia maus inabonyezwa. Mara moja. Ya pili — atakuwa amefungua 89. Hakuna kingine cha kufungua.

Kiti kimesukumwa nyuma.

Nje gari limepiga honi. Ni dereva, kawahi, siku zote hachelewi mtu usiyemtaka. Shangazi hajaenda mlango wa mbele. Kandambili zake zinakuja huku, taratibu, kwenye korido. Honi tena. Haendi.

Nimeufunika ukurasa kwa kiganja cha kushoto, sijui saa ngapi, mkono umejiendea wenyewe. Naandika kwa pembeni, herufi zinapandiana. Maneno kwamba Mwalimu hana kasoro yako chini ya kidole gumba.

Amefika. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Hafungui. Anagonga. Huyu huingia kwangu kama upepo, leo anagonga.

“Mwanangu,” anasema. Si Kobe.

Nimenyanyua kidole gumba. Vidole vilivyobaki juu ya ukurasa ni vinne, na vizito