Choo Chenye Kufuli

Mjukuu wangu Salome,

Sisi huku Nambambo tuko salama, ila mjomba wako karudi kutoka kwenye mpira Ruangwa, sauti imemkauka.

Wewe unayesomea sheria umeniuliza kama sheria ziliwahi kutufaa. Nilipokuwa msichana, kijiji kiliamuru kila nyumba iwe na choo. Baba alijenga kizuri, akatia kufuli, akahifadhi korosho humo. Sisi tukaendelea kwenda vichakani.

Siku bwana afya alipokuja kukagua, tumbo likamchafuka hapohapo.

“Mzee, fungua upesi!”

Baba alipofungua, korosho zikamporomokea miguuni. Bwana afya akashika njia yetu ya vichakani, mkono tumboni. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Kesho yake baba aling'oa kufuli. Siku mkitunga sheria, mwanangu, ulizeni kwanza ufunguo anao nani.

Bibi yako,
Agnesi