Shingo za Watoto wa Mashimoni

Mashimoni, Kibera
24 Novemba 2024

Auntie Kaveke,

Sasa Auntie? Natumai goti limetulia na cherehani haikusumbui. Huku sisi tuko. Baridi ya asubuhi imeisha, vumbi limerudi kazini. Mama alinipigia kutoka Kitui, anakusalimia, anauliza kama bado umenikasirikia. Nimemwambia hunitukani siku hizi, sijui kama hiyo ni dalili nzuri.

Ulisema nisikupigie simu tena, kwa sababu kwa simu nakubali kila kitu halafu naenda kufanya changu. Basi naandika. Mjumbe wetu ni Dedan wa mayai. Anatoka huko Kawangware na trei zimejaa, anarudi zikiwa tupu, na amesema barua haina uzito.

Habari kubwa ni ukumbi. Unajua kanisa hunipa ukumbi wao kila Jumamosi, bure, nifunze watoto kucheza. Sasa mzee wa kanisa, anaitwa Mzee Wainaina, anataka siku hiyo iwe ya tuisheni ya hesabu. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiona mtoto anaruka, anafikiria viatu. Amesema ataamua Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya watoto kucheza mbele ya wazazi. Wakiiva, ukumbi unabaki wetu. Wakiboronga, hesabu inaingia na mimi narudi kufunza uani kwa watu, kati ya shuka zilizoanikwa.

Na wameiva, Auntie. Tunaanza na mabega, tunaingia miruko, tunamaliza na duara. Mama za mtaa jirani wa Kisumu Ndogo wanasema hayo mabega ni ya Wajaluo. Wewe ungesema ni ya Wakamba. Mimi niliacha kuamua kesi hiyo, kila mtoto alikuja na yake mawili.

Kitu kimoja tu kinanishangaza. Jana alikosa mtoto mmoja, Akoth, binti wa mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mmoja tu. Darasa zima likacheza kama watu wanaotafuta swichi gizani. Hiyo ngoma nimewafunza tangu Septemba. Imeenda wapi?

Wewe ndiwe ulinifunza kucheza nikiwa mdogo, kwa hivyo nakuuliza.

Mwana wa dada yako,
Mwanzia


Kawangware
27 Novemba 2024

Mwanzia mwanangu,

Barua imefika ikinuka kuku, lakini imefika. Goti ni lile lile, linapanda ngazi kabla yangu kisha linalalamika. Cherehani nzima. Ni msimu wa nguo za Krismasi: mama anataka gauni liwe kubwa ndio lifike Krismasi ijayo, mtoto anataka limkae sawasawa leo. Mimi nashona katikati, wote wawili wananinunia.

Kuhusu ngoma iliyopotea, sijui. Lakini nataka kujua kitu. Watoto wakicheza, wanaangalia wapi?

Usinijibu ukiwa umeketi. Najua unavyofunza: unasimama mbele, unawapa mgongo, ndio mguu wako wa kulia uwe wao wa kulia. Vizuri. Sasa huo mgongo unaona nini? Jumamosi anzisha wimbo, kisha ondoka mbele polepole, uende usimame nyuma ya mstari wa mwisho. Uangalie shingo. Uso wa mtoto una adabu, ukimwangalia anatabasamu hata kama amepotea. Shingo haina adabu hiyo.

Mwambie mama yako sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningenyamaza.

Auntie wako,
Kaveke


Mashimoni
1 Desemba 2024

Auntie Kaveke,

Habari ya gauni na habari ya kununiwa? Mimi niko salama kwa mwili. Kwa mengine, soma.

Jana nilifanya ulivyosema. Nilisimama nyuma karibu na mlango, wimbo unaendelea. Shingo zote zimepinda kushoto. Zote, Auntie. Kushoto mbele ndipo anaposimama Akoth. Mstari wa pili unamwangalia Akoth, wa tatu unaangalia wa pili, wa mwisho unaangalia wa tatu. Ndio maana wale wa nyuma huchelewa kila mruko. Nilikuwa nawagombeza eti ni wavivu, kumbe habari ilikuwa bado haijawafikia. Na mimi, miezi yote hii, nimekuwa jamaa anayejichezea mbele ya watu wenye shughuli zao.

Nilipomaliza kuona aibu nikakumbuka jambo baya zaidi. Mama Akoth, Seline, husafiri na watoto kwenda kwao Siaya kabla nauli ya Krismasi haijapanda. Mwaka huu wanatoka tarehe kumi na sita. Kucheza mbele ya wazazi ni Jumapili, tarehe ishirini na mbili.

Nikaenda kwake Kisumu Ndogo, nikamkuta akipepeta omena. Nikamwomba Akoth abaki, alale kwa Mama Mutheu, ambaye mtoto wake pia yuko darasani kwangu, hadi sikukuu ipite. Akakataa. Nikamweleza habari ya ukumbi, na watoto, na Mzee Wainaina, na nadhani nilitaja pia maisha yangu ya baadaye. Mwishowe akakubali, akisema mtoto mmoja akibaki hata mizigo itapata mahali pa kukaa. Akoth alikuwa hapo hapo akifunga omena kwa gazeti.

Kwa hivyo tatizo limeisha. Asante kwa wazo la shingo, bila hilo ningepata aibu mbele ya kanisa lote.

Mwana wako,
Mwanzia


Mashimoni
8 Desemba 2024

Auntie,

Natumai u mzima. Wiki imepita. Dedan anasema ulisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaikunja, ukamuuliza bei ya mayai. Nimemuuliza ulikuwa na sura gani. Amesema ya mtu anayeuliza bei ya mayai.

Wewe mwenyewe ulisema ukikasirika hunyamaza. Nimekosea wapi?

Mwanzia


Kawangware
9 Desemba 2024

Mwanzia,

Mimi mzima. Nilikuwa natafuta njia ya kukujibu bila kumtukana dada yangu aliyekuzaa.

Ulitaka kujua kwa nini ngoma inapotea Akoth akikosa. Swali zuri. Ukaona nusu ya jibu, hiyo nusu ukaifungia nyumbani kwa Mama Mutheu ndio isitoroke. Akikaa Krismasi hii, mwaka ujao utamfungia wapi?

Mimi bado sijashiba. Wote wanamwangalia Akoth. Haya, Akoth anamwangalia nani? Yuko mbele, na kushoto kwake ni ukuta.

Na huko Siaya anangojwa na nani?

Maswali ni mawili. Muulize yeye, usimuulize mama yake.

Auntie wako


Mashimoni
15 Desemba 2024

Auntie Kaveke,

Nakusalimu nikiwa nimeinama kidogo. Goti linaendeleaje? Usiliweke kwa stuli, liweke kwa mto.

Nilimpata Akoth akingoja zamu ya maji kwa kioski. Nikaanza na swali la mwisho, nani anakungoja Siaya. Akasema ni dani, ndiye nyanya yake. Kila Krismasi wanalala kitanda kimoja na dani anamsimulia watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa, mmoja mmoja, walivyotembea na walivyocheka. Akoth anajua kuwaiga wote. Mwaka jana dani alisahau majina mawili, ikabidi Akoth amkumbushe. Aliniambia hivyo bila kulia, akasogeza mtungi mbele maana foleni ilikuwa imesonga.

Nikauliza lile lingine, darasani humwangalia nani.

"Siangalii mtu, mwalimu. Nasikiliza kiatu chako. Kabla hujabadilisha, cha kushoto huburuta chini kidogo. Si ndio unatuambia tujitayarishe?"

Nilipofika nyumbani nilikigeuza hicho kiatu. Soli imelika upande mmoja. Yaani Auntie, kitu cha pekee nilichofunza kikashika, nilikifunza bila kujua, na ni kwa sababu sijanunua viatu.

Nikarudi kwa Seline kusema nimebadilisha mawazo, Akoth asafiri. Akaniangalia sana. "Mwalimu, juzi ulinililia hapa hadi nikaogopa omena italoa. Leo umekuja kunirudishia mtoto wangu mwenyewe. Kwani wewe hufunza nini hasa?" Nikamwambia hata mimi ndilo swali nililo nalo wiki hii. Akanipa omena ya kupika jioni, nadhani ni kwa huruma. Wanatoka kesho alfajiri.

Jana darasani sikucheza kabisa. Nilivua viatu, nikaketi, nikauliza kila mtoto hufuata nini. Unajua sikuwahi kuuliza? Mmoja hufuata maneno ya wimbo, jina la mtaa likitajwa anageuka. Mwingine huangalia kivuli chake sakafuni. Kuna kijana anaitwa Chris, akasema yeye humfuata Mutheu, na Mutheu humfuata Akoth, "kwa hivyo mimi niko leti lakini niko sawa." Mutheu, ndiye mdogo kuliko wote, akasema yeye hafuati chochote, husubiri tu mpaka aone aibu ya kusimama peke yake.

Nikawageuza. Waliozoea nyuma wakawa mbele, na mbele yao hakuna mtu, kuna ukuta. Ilikuwa mbaya, Auntie. Mwezi jana walikuwa wazuri mara mia. Lakini sasa kila anayekosea anakosea kwa njia yake, na mimi namwona. Nilienda nyumbani nikiwa na hofu na nikiwa na hamu ya Jumamosi ijayo, sijui hofu ni ipi na hamu ni ipi.

Nimeamua Jumapili ile nikae nje. Nikiwa ndani wataniangalia, na mimi najijua, nitaanza kuwaashiria kwa nyusi. Lakini nataka kujua kitakachotokea. Tafadhali kuja. Keti nyuma, uniangalilie.

Mwana wako,
Mwanzia


Kawangware
23 Desemba 2024

Mwanzia mwanangu,

Najua uliniona nikiingia na ukaniona nikitoka, na najua kwa nini sikusimama kukwambia chochote. Ungekubali kila neno kabla sijamaliza. Soma polepole. Goti limenifikisha na kunirudisha, tuliache hapo.

Niliketi nyuma kama ulivyotaka, karibu na Mama Mutheu. Mabega yalienda vizuri. Mama mmoja mbele yangu aliyatikisa ya kwake akiwa ameketi, na mtoto mgongoni. Wakaingia miruko, na umeme ukapotea.

Huko nje hukujua, ulidhani wimbo umeisha. Ndani spika ilikata katikati ya neno. Watoto wakasimama. Niliziangalia shingo: moja ilienda kwa dirisha, nyingine kwa spika, nyingine chini. Hakuna mbili zilizoenda mahali pamoja. Nikasema basi, hesabu imeingia.

Tulikaa hivyo hadi watu wakaanza kukohoa. Kisha yule mdogo, Mutheu, akapiga mguu chini. Ulikuwa mguu usio sawa, Mwanzia, hata mimi niliona. Akaupiga tena vile vile. Mwenzake akaufuata, mwingine akapiga makofi katikati, na wakaendelea hivyo, miguu na makofi peke yake. Huyo Chris wako aliruka wakati wenzake wote wameshatua, watu wakacheka, naye akainama kama aliyepanga. Duara lilitoka na umbo la yai. Lakini walilifunga.

Mzee Wainaina akasimama. Akauliza mwalimu wao yuko wapi. Chris akajibu, "Yuko nje, anaogopa." Kanisa lote likacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Kama wanaweza bila spika na bila mwalimu, huyo mwalimu ni wa nini?"

Hapo nilitaka kusimama niseme. Nikabaki kwa kiti, kwa sababu hata mimi nilikuwa nataka kujua.

Basi uamuzi ni huu, na naandika alivyousema ndio usidhani nimeongeza chumvi. Jumamosi ni ya watoto. Tuisheni itatafutiwa jioni. Hajakupa wewe ukumbi, amewapa wao, na ufunguo amemkabidhi Mutheu mbele ya mama yake. Ukitaka kufunza, uwaombe. Wakikataa, hilo ni lao.

Nilimfuata mlangoni nikamuuliza sababu. Akaniambia mwalimu wake wa hesabu akitoka kwenda haja, kalamu zinaanza kuruka kabla mlango haujafunga. Akasema hajawahi kuona watoto wakiachwa peke yao na wakabaki na kazi.

Njiani nilikuwa nakumbuka nilivyokufunza wewe. Sikumbuki nikikufunza. Nakumbuka nikicheza na wanawake wenzangu, na wewe uko pale chini unasumbua. Ulikuwa unaangalia nini? Hilo nitakuuliza siku nyingine.

Sikukuu njema. Ule vizuri. Jumamosi ya kwanza ya mwaka uende, na ubishe kabla ya kuingia.

Auntie wako,
Kaveke


Mashimoni
4 Januari 2025

Auntie Kaveke,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa goti na kwa cherehani. Huku mtaa bado una nafasi, wengi hawajarudi kutoka kwao ushago. Nilikula Krismasi kwa Mama Mutheu, alinipa paja la kuku. Mutheu alikuwa na ufunguo shingoni kwa uzi wa sufu hata mezani.

Leo nimekuja mapema, nikakuta wamekuja mapema zaidi. Nimebisha. Mutheu akafungua kidogo, jicho moja tu likaonekana, akaniuliza nimekuja kufunza ama kuangalia. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, Auntie, yote ikanitoka. Nikasema, "Nimekuja kuuliza kama naweza kuingia." Akasema ningoje, kuna kitu hawajamaliza, akafunga.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa ndoo nje ya mlango, karatasi iko kwa goti. Dedan amepita, amesema ataichukua akirudi. Ndani hakuna wimbo. Kuna miguu, kisha kimya, kisha wanabishana, kisha mtu mmoja anacheka na wote wanaanza tena. Si ile ngoma yangu. Nimejaribu kuihesabu kwa kidole kwenye ukingo wa ndoo, inanitoroka kila mara mahali pale pale.

Nimetega sikio kwa mlango. Bado hawajaniita.

Mwana wa dada yako,
Mwanzia