Tone la Gundi

Jumatatu, 6 Novemba

Maji tena. Asubuhi nzima ni kupuliza vimpira. Mvua ya Goma haina haya, inafuata watu mpaka ndani ya masikio. Wanaolala mahemani wanaleta vifaa vya kusikia vyenye matone kwenye kimpira, mrija mwembamba unaopeleka sauti sikioni, na tone moja linatosha kuzuia sauti yote. Napuliza, nakausha, naviweka kwenye mkebe wa mchele. Papa Safari, mwenzangu anayetengeneza vizibo vya masikio, vile vinavyoshikilia kimpira ndani ya sikio, ameuliza huo mchele tutaupika lini. Utani uleule kila wiki. Kila wiki nacheka, sijui kwa nini.

Mchana amekuja Mama Furaha kutoka kambi ya Mugunga. Mtu wa Rutshuru. Bomu lilianguka kando ya shamba lake wakati wa kukimbia. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto limebaki na kidogo. Siku hiyohiyo alipotezana na binti yake, Furaha, mtoto ambaye bado hajaanza shule. Alimuita. Labda mtoto aliitika. Yeye hakusikia kitu. Haya ameyasema akiangalia ukuta.

Sasa mtoto amepatikana. Yuko Vitshumbi, kwa mama mmoja anayekausha samaki. Alhamisi watazungumza kwa simu, katika ofisi ya wale wanaotafuta watoto. Ndiyo maana amekuja leo, mbio.

Hajawahi kuvaa kifaa. Nimemchagulia kimoja kikali kati ya vile tulivyopewa msaada, vilivyokwisha kutumika Ulaya. Nimekifumba mkononi, kikapiga filimbi. Dalili kwamba ni kizima. Kizibo chake Papa Safari alikuwa amekitengeneza tangu wiki iliyopita, alipokuja kupimwa sikio. Nimeweka kimpira kipya, nikakigandisha kwenye kizibo kwa gundi, nikaunganisha, nikamvisha. Nikamuuliza, akinitazama mdomo: unasikia? Akasema: nasikia. Tukapeana mikono.

Nimefurahi sana. Siku za namna hii ndizo zinanizuia kurudi kwetu Butembo.

Jumatano, 8 Novemba

Milio ya mizinga upande wa Sake, tangu asubuhi. Wanafunzi viziwi wa shule tunamofanyia kazi ndio wanaotangulia kujua. Wanaweka viganja juu ya dawati, wanatazamana, halafu wanamtazama mwalimu. Sisi tunaosikia tunakuja nyuma yao.

Hakuna umeme. Nimesafisha vifaa kwa mwanga wa dirisha. Nimemfikiria Mama Furaha na kesho yake.

Alhamisi, 9 Novemba

Vibaya. Vibaya kabisa.

Justin, kijana wa ile ofisi ya kutafuta watoto, amepita kunieleza. Simu ililia. Mama Furaha aliishika kwa mikono miwili. Mtoto akaita, "Mama." Mama akanyamaza. Akaita tena. Mama akaanza kuongea juu ya sauti ya mtoto, maneno mengi, bila kujibu hata moja. Mtoto akamrudishia simu mama wa samaki, akasema, "Huyu si mama yangu. Mama nikimuita anaitikaka." Akaenda kujificha nyuma ya vichanja vya kuanikia samaki.

Na mambo hayaishii hapo. Justin anasema hawawezi kumbeba mtoto anayelia kwamba wanampeleka kwa mtu asiyemjua. Lazima akubali mwenyewe. Na yule mama wa samaki anafunga mizigo. Vita vinamkaribia, anataka kuvuka ziwa kwenda Uganda na watu wake wote, na Furaha ndani yao. Watajaribu simu mara moja tu, Jumatano ijayo. Wakishavuka, nani atajua wameingia kijiji gani?

Nina hasira. Kwanza nimemkasirikia yeye. Kwa nini alisema anasikia? Halafu nimekasirikia simu, halafu mtandao. Jioni sikubakiwa na mtu mwingine wa kukasirikia ila mimi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimemngoja. Hakuja. Kila mlango ukifunguka nanyanyua kichwa. Nimemfokea Papa Safari kwa sababu ya bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwangu mwenyewe.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimepanda pikipiki mpaka Mugunga. Mawe ya volkeno yamenipiga mgongo, mama wa umri wangu. Nimeuliza hema baada ya hema. Mwisho watoto wakanipeleka.

Alinipa dumu la maji nikalie. Hakutabasamu. Kifaa alikuwa amekifunga kwenye pembe ya kitenge.

Nimemuuliza kwa ishara na kwa kupiga kelele, majirani wote wakisikiliza: Jumatatu si ulisema unasikia? Akanijibu polepole, kama mtu anayefundisha mtoto: "Mama Kahindo, uliniuliza kama ninasikia. Nilisikia. Kilikuwa kinatetemeka ndani ya sikio, kinaniwasha. Niliwaza sauti itakuja nyuma, sawa vile dawa."

Mtu anasikia baridi. Anasikia njaa. Anasikia kichwa kinauma. Yeye alisikia kitu kinatetemeka, akanijibu ukweli mtupu. Mimi ndiye niliyechukua neno la mwili mzima nikadhani ni la masikio tu. Miaka yote hii nimewauliza watu "unasikia?" na kuwaruhusu waende. Wangapi walikuwa wanasikia kwa namna ya Mama Furaha? Sitaki kufikiri.

Nikakifungua kitenge. Nikashika kizibo nikakielekeza kwenye jua. Tobo la kupitishia sauti limezibwa. Tone la gundi, safi, limekauka, halionekani kama hulitafuti. Gundi yangu. Nilipima kifaa peke yake mkononi, kikapiga filimbi, nikaridhika. Baada ya kuunganisha sikupima tena. Sauti ilikuwa inagonga ukuta niliojenga mimi.

Nimemwonyesha. Nimemwomba msamaha mbele ya majirani. Hakusema amesamehe. Ameuliza tu, "Kitatengenezeka?"

Nimesema ndiyo. Sina hakika.

Jumapili, 12 Novemba

Misa. Padri amehubiri juu ya uvumilivu. Nimeshinda nikitazama masikio ya watu wa benchi la mbele. Nimemwomba Mungu kwa ajili ya gundi. Sijui kama kuna mtu amewahi kuomba hivyo.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimejaribu kuchokoa lile tone kwa sindano. Halikutoka. Nimejaribu kwa ncha ya moto kidogo, kizibo kikapasuka. Nimetukana kwa Kinande, lugha ambayo Papa Safari anajidai haielewi.

Kwa hiyo kizibo kipya. Bahati nzuri kalibu ya sikio lake bado ilikuwa kabatini. Papa Safari amemwaga plastiki ndani yake asubuhi, mchana alitakiwa kulainisha. Umeme hakuna. Mashine yake ya kusugulia imelala tu mezani. Basi akachukua msasa, akakaa mlangoni penye mwanga, akasugua kwa mkono mpaka vidole vikawa vyeupe kwa unga. Huku anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya. Sikumwambia anyamaze. Leo ningemwacha aimbe hata wimbo wa taifa.

Kimpira nimekiweka mimi. Gundi nimeipaka kwa ncha ya kijiti cha meno, nje tu. Kisha nimepuliza. Hewa imepita. Nimepuliza tena, kwa woga tu.

Jumanne, 14 Novemba

Mama Furaha amefika mapema, ana matope mpaka magotini. Amekaa kwenye kiti bila salamu nyingi. Ana haki.

Kizibo kimeingia vizuri. Akitafuna, kinapiga filimbi, maana yake kuna mwanya sauti inatoroka. Papa Safari ameongeza utando mwembamba upande wa chini. Nimemwambia atafune tena. Kimya.

Sikumuuliza kama anasikia. Neno hilo leo nimelifungia kabatini. Nimesimama nyuma yake, mdomo asiuone, nikasema jina la mboga ya majani ya muhogo: "Sombe." Akasema, "Sombe." Nikasema: "Samaki." Akasema, "Sambaza," wale dagaa wa ziwa letu. Nikarudia. Akasema, "Samaki, nimekosea. Vyote viko ndani ya maji." Nikapunguza sauti: "Viatu vyako vimechakaa." Akajibu bila kugeuka, "Na vyako je?"

Nimecheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono hewani, anasikiliza mvua ikianguka kwenye mabati.

Kisha simu. Hapa ndipo ningeharibu tena. Alipeleka simu kwenye tundu la sikio kama watu wote wanavyofanya. Hakuna kitu. Kweli, kifaa kinachukua sauti kwa juu, nyuma ya sikio, pale kinapokaa. Nimeinua mkono wake, nikaipandisha simu mpaka juu. Macho yake yakabadilika. Tumefanya mazoezi: chini hakuna, juu ipo. Chini, juu. Mpaka mkono ukajua njia wenyewe.

Papa Safari alikuwa uani na simu nyingine. Bila kuambiwa na mtu, mwanaume mzima mwenye ndevu, akaita kwa sauti nyembamba, "Mama!"

Tulitaka kucheka. Mama Furaha akaishusha simu, akaniambia, "Huyo simuitikii. Ninamungojea mutoto mwenyewe."

Jumatano, 15 Novemba

Nilisema sitaenda. Nimekwenda.

Ofisi ya Justin, chumba kidogo, dirisha limefungwa kuzuia kelele za barabara. Mama Furaha amevaa kitenge kilichopigwa pasi. Sijui pasi ameipata wapi kule Mugunga. Justin amewasha spika ya simu. Ya kwanza, mtandao umekatika. Ya pili, tumesikia injini ya pirogi, mtumbwi wa wavuvi, na upepo, imekatika. Justin anajipangusa jasho. Nilikuwa naangalia kile kimpira kana kwamba naweza kukisukuma kwa macho.

Ya tatu imeshika. Yule mama wa samaki alisalimia, akasema mtoto hataki. Amegeuka, amempa mgongo. Justin akafungua mdomo aanze kubembeleza. Mama Furaha akamnyamazisha kwa kiganja. Simu juu ya sikio, mahali pake. Alingoja. Nilitaka kupiga kelele aongee, aimbe, afanye kitu.

Akangoja.

Kisha, mbali sana, sauti ndogo, ya kutega: "Mama?"

Akaitika. Kwa Kinyarwanda, neno moja, palepale, kabla mtoto hajafunga mdomo. Mtoto akaita tena, haraka. Akaitika tena. Akaita kwa kunong'ona. Nikafumba macho. Akaitika.

Baada ya hapo mtoto alifunguka kama bomba. Justin, anayejua lugha yao, ananitafsiria huku anacheka: anashtaki. Kila siku samaki. Asubuhi samaki, jioni samaki, na mifupa. Na kuna mbuzi anamchukia. Na mama atakuja lini? Na mama anamkaripia tayari, kwamba mtu hasemi hivyo juu ya chakula cha watu.

Nimetoka nje. Nimelia kando ya mwanamke anayeuza makaa. Aliniuliza nani amekufa. Nimesema hakuna. Akanipa kipande cha gunia nikalie.

Alhamisi, 30 Novemba

Bado. Furaha amekubali kuja, mama wa samaki ametia sahihi kumkabidhi kwa ofisi, lakini njia ya Rutshuru imefungwa. Inabidi azungushwe na gari la ofisi, kupitia Butembo, kisha wangoje ndege. Wakati mwingine naogopa kwamba ile simu ndiyo itakuwa yote aliyopata. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Mama Furaha amekuja kukaguliwa. Amenipa mshtuko: karatasi ndogo za nyuma ya betri zote za akiba amezibandua siku moja, "ili ziwe tayari". Betri hizi zikipata hewa zinaanza kujimaliza. Nimemkaripia. Amenisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kisha akasema, "Sauti yako ni ya juu sana, Mama Kahindo. Zamani sikujua."

Analalamika pia kuhusu majirani. Hakujua kama watu wa Mugunga wanagombana namna hii. Siku nzima. Nimemfundisha jinsi ya kuzima. Anasema hapana, waache wagombane.

Wagonjwa wengine wa wiki hii nimewapima wote kwa kusimama nyuma yao. Wawili walikuwa hawasikii kitu. Mmoja wao anasifu kifaa chake tangu Pasaka.

Ijumaa, 22 Desemba

Mvua ndogo. Milio hakuna leo.

Mama Furaha amekuja kusafishiwa kifaa. Amemfunga mtoto mgongoni, mkubwa kupita umri wa kubebwa, miguu inaning'inia. Furaha amefika juzi. Mama amekaa, amemzungusha akamlaza mapajani, bila kumwamsha. Msichana mwembamba, nywele zimesukwa upya, pua imeziba kwa mafua. Anakoroma.

Nimenyoosha mkono anipe kifaa. Ametikisa kichwa. Ameonyesha mtoto kwa kidevu.

Kisha akanong'ona, maana sasa anajua kunong'ona: "Ngoja kwanza. Ninamusikiliza."

Nimeiweka chini pampu ya kupulizia vimpira. Papa Safari ameacha kusugua. Tumengoja.