Jiko la Uani

Jumapili, 2 Februari 2025
Mwaka wa sitini na moja tangu nitoke Unguja. Wa ishirini na nane katika nyumba hii ya serikali, hapa mjini Ibra, kusini ya Maskati. Leo ofisi ya makazi imekubali tubadilishane nyumba: Hamdun, mpangaji wa serikali mji wa Sur, ahamie kwangu, karibu na kazi yake mpya, mimi niende kwake, mlango wa pili kutoka kwa mdogo wangu Ghaniya. Zimebaki saini — yangu, yake na ya mkewe Khole. Mwisho Jumapili ijayo. Nimekula tende saba kwa furaha!

Jumanne, 4 Februari
Mjukuu wangu Wasan kaniuliza nyumba ya Sur ina vyumba vingapi. Sijui. Jiko je? Sijui. Nimekwenda mara mbili, nimekaa majlisi, chumba cha wageni, nimekunywa kahawa, nimerudi. Hamdun naye kwangu vivyo hivyo. Nani atamwambia mwanamume mwenzake, hebu nionyeshe chumba cha mkeo? Wasan kacheka mpaka kashika ukuta. Ati tumebadilishana majlisi!

Alhamisi, 6 Februari
Khole kaja. Wasan kampitisha ndani. Mimi na Hamdun barazani, tunasikiliza. Vyumba — mashallah. Ukumbi — mashallah. Kisha mlango wa uani ukafunguka.
Jiko liko uani. Marehemu mke wangu Kuruthum alilitaka huko, kama kwao Mkunazini, Unguja: samaki akaangwe penye hewa, nyumba inukie udi. La ndani tukaligeuza stoo.
Khole karudi barazani: "Ami, kwa joto la Agosti nipike nje? Nitaiva mie kabla ya wali!"
Nimecheka. Yeye kidogo tu. La uani livunjwe, jiko lirudi ndani. Bila hivyo hasaini.

Ijumaa, 7 Februari
Ghaniya kwenye simu: "Kaka, acha ukaidi, njoo ukae kwangu. Majlisi kubwa, wanalala mapaka tu." Nimekataa, kama kila mwaka. Tangu mwaka wa sitini na nne nimelala kwa watu: Mombasa, Kairo, Dubai, Maskati. Nyumba hii ndiyo ya kwanza niliyoifunga kwa ufunguo wangu.
Alasiri nimekaa uani. Ukutani pana masizi, na katikati pamesafika — hapo Kuruthum aliegemeza mgongo akisubiri wali ukauke.

Jumamosi, 8 Februari
Nimempigia Hamdun. Vunjeni, nimemwambia. Kasema Khole sasa anataka kufikiri mpaka kesho. Kumbe naye ana uani wake huko Sur wa kuuacha!

Jumapili, 9 Februari
Sur. Nimesaini ofisini saa tatu. Hamdun pia. Khole hajafika, wanafunga saa nane.
Nimekuja kungoja kwa Ghaniya, na sanduku la vitabu na mbuzi ya kukunia nazi ya Kuruthum. Hiyo sikuweza kuiacha. Ghaniya kaipokea. Kaikalia hapo hapo, kapasua nazi, kaanza kukuna.
"Meno bado makali, kama mwenyewe!"
Alimpenda sana wifi yake.
Wajukuu zake wamenitandikia godoro majlisi. Hakuna aliyewatuma, wala mimi sikuwazuia. Nazi inanukia. Dirishani naiona nyumba ya Hamdun, pazia la dirisha la jikoni, ndivyo asemavyo Ghaniya, limefungwa.
Saa saba na nusu. Simu iko kimya. Khole asaini, asisaini, Ibra sirudi.