Kifungo Kwenye Kibodi

Ijumaa usiku, Chechelesi, Isiolo

Hili sijaambia mtu yeyote: komenti za chini ya video zetu za kompyuta za zamani, zile tunaziita makumbusho yetu, nimezikariri zote, hata zile za "asante" tu. Darasani siwezi kufungua mdomo, lakini huko kuna watu wanasikiliza sauti yangu.

Leo imeingia moja ya mtu asiye na picha: "Huyu msichana anaongea kama mbuzi mgonjwa. Na makumbusho gani inaweka kifungo cha blauzi kwa kibodi?"

Nililia. Kanana wa nyumba ya pili, ambaye hushika simu nikirekodi kwa stoo ya shule, alinikumbatia. "Wachana nao, Darmi. Ni wivu tu."

Alipoondoka ndipo nikafikiria kile kifungo.

Kompyuta ya video hiyo, iliyotolewa na ofisi ya kaunti, ilikuwa imepoteza kitufe kimoja. Kanana alikata kifungo cha blauzi yake akakibandika hapo. Mimi niliona aibu, nikakifunika na kidole video nzima. Nimeiangalia tena. Hakionekani kabisa. Na hakuna mwingine aliyejua ila Kanana.

Kama hapendi sauti yangu, si angeniambia? Ningenyamaza. Yeye ndiye alinisukuma niongee, eti watoto wetu watajua aje kompyuta za kwanza za Isiolo zilikuwa...

Nasikia slipa zake nje. Anakuja kuuliza kesho tutarekodi kompyuta gani. Siku nyingine ningeficha ukurasa huu chini ya mto. Leo nauacha wazi, taa ikiwaka.