Mashine ya Baba Haiuzwi

Kiganjo, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Sifuna,

Mulembe, amani kwenu kutoka Kiganjo. Mnaendeleaje huko Calgary na hiyo baridi yenu? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mama anasema ulikande kwa maji ya moto na uache ubishi. Sisi hapa ni wazima. Mvua imechelewa, na vumbi la barabara ya shule linaingia mpaka kwenye sukari, lakini tunakula na kulala vizuri, tunashukuru.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Nikifika kwenye neno lenyewe unacheka, kisha unasema tutaongea, kisha mtandao unapotea. Barua huwezi kuikata. Basi nisikilize: mashine ya Baba haiuzwi.

Yule Viren uliyemtafuta, mwenye studio Ruiru, alikuja na pikapu na blanketi za kuifunikia. Kijana ana adabu. Nilimpa chai na mandazi, nikamwonyesha mashine, nikamwambia kwamba Baba yangu Mdogo amemchomea mafuta bure. Alirudi Ruiru na blanketi zake.

Najua utakavyosema maana umeshasema, na kwa sauti ya juu. Eti imekufa pamoja na mwenyewe. Eti siku hizi kinanda kidogo cha plastiki kina sauti zote ndani. Zote, isipokuwa za Baba.

Labda hukuwahi kuielewa ile sinthesaiza, kinanda chake cha umeme. Haihifadhi kitu, haikumbuki hata jana. Kila sauti unaiunda kwa mkono, unageuza kifundo hiki kidogo, kile zaidi, na ukivirudisha vifundo, sauti imekwenda. Baba aliviacha vya kwake vimekaa kwenye ile ngurumo ya kinanda aliyokuwa akifungulia nyimbo za roki, enzi bendi yao ikipiga hotelini hapa mjini na watu wakisimama juu ya meza. Mikono yake ilipoanza kutetemeka aliacha kupiga, na hakuruhusu mtu avisogeze.

Halafu tukamzika. Na wewe, kabla ya kurudi Kanada, ukaipangusa mashine ili uipige picha za kumtumia Viren, ukarudisha kila kifundo kwenye sifuri, kama mtu anayezima jiko la gesi kabla ya safari. Sikukuambia siku ile kwa sababu ulikuwa unapangusa huku unalia. Leo nakuambia. Wala sikulaumu, mtu yeyote angefanya vile. Ila usiniambie tena kwamba imekufa, wakati ni sisi wenyewe tulioizima.

Niliapa kuirudisha ile ngurumo, na hapo ndipo watu wakaanza kuniona nimerukwa na akili. Mume wangu Mumo alihamia kwa jirani kutazama mpira. Binamu zako wa Mugutha walinipigia kuniuliza kama nimeanza kulewa. Mimi huyo, ambaye hata soda hunikwama kooni!

Kaseti ya bendi ilibaki moja tu. Nikitoka kazini Eneo la Viwanda naiwasha mashine kwanza ipate joto, maana ikiwa baridi inateleza nje ya noti katikati ya wimbo. Kisha nasikiliza kaseti, nageuza, nasikiliza tena. Ndani ya mashine kuna sauti mbili zinazotoka pamoja kwa kila noti, na mimi kwa usafi wangu nilizilinganisha mpaka zikawa kitu kimoja. Nikanunua na spika mpya ya amplifaya kwa kuwa ya Baba ilikuwa imechanika. Ikatoka sauti safi, baridi, kama kengele ya mlangoni.

Nikamwita Mzee Jasbir wa duka la hadwea, yule aliyekuwa mpiga drams wao. Alisikiliza amefumba macho, akatikisa kilemba.

“Hapana, Janice. Hii ni ya mtu amekaa kanisani. Babako alikuwa anapiga amesimama, na hiyo kitu ilikuwa inataka kupigana.”

Nilinuna, kwa kweli. Lakini alipoondoka niliisogeza sauti moja kidogo, ikaanza kuvutana na mwenzake. Nikarudisha spika iliyochanika. Nikasukuma kiti pembeni, nikasimama, nikabonyeza kwa mikono yote miwili.

Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Akapaza sauti kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake: “Baba Janice, punguza hiyo kitu!”

Mimi nikabaki na mikono hewani, yeye na mwiko wake huko ndani. Niliogopa kwamba nimemfanyia jambo baya, na nililia, Baba Mdogo, sikufichi. Halafu nikamsikia akisema, polepole:

“Ongeza.”

Kwa hiyo usinitumie mnunuzi mwingine. Vifundo nimevipiga picha vyote, tena nimevibandika plasta ya kidonda ili asitokee mtu mwingine wa kupangusa. Bado ile sauti ya tarumbeta aliyomalizia nayo inanishinda, inatoka kama honi ya lori la mananasi. Nitaipata. Agosti, siku ya ukumbusho wake, nitazipiga nyimbo zake zote hapa uani. Wanaosema si muziki wa nyumba yenye mjane wakae kwao, au walete viti. Sitapunguza.

Nisalimie Mama Mdogo Dianah, na Cindy wenu, mwambie aache kunitumia matangazo ya vinanda vipya. Mumo anakusalimia, amerudi nyumbani. Mungu awakinge na baridi hiyo, na akujalie goti litakalokufikisha huku.

Maana nataka uje. Kiti chako kitakuwa mbele kabisa, karibu na ile spika iliyochanika. Njoo na masikio yako yote, Baba Mdogo, ila mikono ikae mfukoni.

Ni mimi binti yenu, ninayekupenda na kukukatalia,

Janice